Kelele Kwenye Waya

Wiki aliyozikwa Shoaib, mwanawe Uzair alizunguka nyumba nzima akigonga kuta kwa kiganja, akisikiliza. Ilikuwa nyumba ya zamani pale Milimani, Kisumu, ya mawe mazito yaliyochongwa kwa mkono. Uzair alikuwa na ndege ya kurudi Birmingham, ambako alikuwa na kazi, mke na binti, na hakutaka kumwacha mama yake peke yake bila jicho la kumtazama.

"Ammi, nitaweka kamera," alisema. "Sebuleni, jikoni, kwenye korido na barazani. Chumbani kwako hapana. Nikiwa kazini nafungua simu tu, nakuona."

Nazneen, mjane wa Shoaib, hakuwa na nguvu ya kubisha. Mambo ya nyaya na mitambo yalikuwa ya Shoaib, na Shoaib hakuwepo. Akaitikia kwa kichwa.

Fundi aliyetumwa na kampuni ya ulinzi aliitwa Odongo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alijaribu kwanza mitambo isiyotumia waya, lakini kuta zile zilimeza mawimbi yote. Basi akaja na njia nyingine. Alichomeka visanduku vyeupe kwenye soketi, kimoja kila chumba, akaeleza kwamba picha zitasafiri ndani ya nyaya zilezile za stima mpaka kwenye mashine ya intaneti iliyokuwa kwenye korido, na kutoka hapo mpaka Uingereza. Kengele ya wezi nayo ingepita humo humo. Hakuna kutoboa ukuta, hakuna kuvuta waya mpya. Kila kisanduku kikawasha taa ndogo ya kijani, na Uzair akapanda ndege roho ikiwa imetulia.

Miezi ya kwanza alipiga simu kila jioni. Ammi umekula? Umemeza dawa ya presha? Umefunga geti? Nazneen alikuwa akijitayarisha kwa simu hiyo tangu mchana, akikusanya vijihabari vya kumsimulia: ndege aina ya kwarara waliochafua paa, mama mboga aliyebadilisha kona, harufu ya magugu yaliyooza iliyopanda kutoka ziwani. Lakini polepole maswali ya Uzair yalipungua, kwa sababu majibu yake alikuwa akiyaona kwenye simu. Simu ya kila jioni ikawa ya Jumapili. Ya Jumapili ikawa ujumbe. "Nimekuona umekula, Ammi. Safi sana." Na alama ya moyo mwekundu.

Alikuwa anaonwa kutwa, na hakuna aliyemsemesha.

Mtaa wenyewe ulikuwa umemkimbia. Familia ya Rajnikant, waliokuwa wakirushiana nao vitafunio juu ya ukuta, walihamia Nairobi. Nyumba ya Satwant iliuzwa, ikabomolewa, na mahali pake pakasimama hoteli yenye vioo. Aliyebaki ni Nakhungu.

Nakhungu alianza kazi katika nyumba ile Uzair akiwa anatambaa. Alikuja msichana mwembamba kutoka Bungoma, sasa alikuwa mama mzima mwenye wajukuu, akiishi mtaa wa Nyalenda. Kila asubuhi aliingia kwa mlango wa nyuma na ufunguo wake mwenyewe, akapika, akafua, na wakati wa kuchambua dengu wawili hao walikaa pamoja kwenye ngazi ya jikoni, sinia katikati. Hawakuwa na mengi ya kuongea. Walishaongea karibu yote. Alasiri Nakhungu alijifunga leso yake, akasema, "Mama Uzair, nimeenda," na nyumba ikanyamaza mpaka kesho yake.

Siku moja, Nakhungu akiwa ameenda sokoni, Nazneen alitoka nyuma ya nyumba kutafuta kufuli la akiba. Huko uani ndiko kulikokuwa na karakana ya Shoaib, chumba cha mabati alimofanyia kazi ya kusuka upya mota zilizoungua: za mashine za kusaga mahindi, za pampu za maji, za viwanda vya samaki. Tangu mazishi hakuna aliyeifungua. Nazneen alifungua, akakuta vumbi, harufu ya vanishi, na juu ya meza mashine ya kusukia. Kwenye mhimili wake palikuwa na koili iliyofika nusu. Ndiyo kazi aliyoiacha Shoaib asubuhi aliyoshikwa na kifua.

Nazneen alisimama akiitazama. Miaka mingi, kazi ikizidi, yeye ndiye aliyeuongoza waya wa shaba kwa kidole huku Shoaib akihesabu mizunguko. Alivuta stuli, akakaa, akashika waya, akabonyeza swichi.

Mashine ilizungushwa na mota kuukuu ambayo Shoaib alikataa kuitupa. Makaa yake, yale yanayopitisha stima ndani, yalikuwa yamelika, na kila ilipozunguka ilitoa cheche za buluu na mlio wa kukwaruza. Nazneen akaongoza waya. Mzunguko juu ya mzunguko, ukipanga mstari kama zamani. Alijisahau kabisa. Koili ilipojaa alizima, akajifuta macho kwa ncha ya dupatta, ule mtandio wake, akarudi ndani, na simu ilikuwa inaita mezani kama iliyopagawa.

"Ammi! Uko wapi? Uko salama?" Uzair alikuwa anahema. "Picha zote zimekatika! Nimepiga na kupiga!"

"Nilikuwa uani, mwanangu. Niko mzima."

"Umenitia hofu. Nilifikiri... Sijui nilifikiri nini. Kaa kidogo nikusikie."

Akakaa. Na kwa sababu hofu ilikuwa bado haijamtoka, Uzair aliongea kama ambavyo hakuwa ameongea tangu mazishi. Alimweleza habari za bosi wake mpya. Akamweleza kwamba binti yake, Aaliyah, ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi akisema. Akamwita mtoto aje apige mluzi huo kwenye simu. Nazneen alicheka mpaka akashika mbavu. Walipoagana chai yake ilikuwa imepoa, naye hakujali.

Jioni hiyo alilikumbuka jambo ambalo lilikuwa limelala akilini mwake. Zamani, Shoaib akiiwasha mota ile, redio ya sebuleni ilikuwa inakoroma na taarifa ya habari inapotea, hata yeye Nazneen akapiga kelele dirishani, "Zima hicho kitu!" Mota ilikuwa inatupa uchafu wake ndani ya nyaya za stima. Na sasa macho ya Uzair yalikuwa yanapita kwenye nyaya hizohizo.

Alijiambia ni kubahatisha tu. Siku chache baadaye, upweke ulipomkaba mchana, alikwenda karakana akabonyeza swichi. Hakusuka chochote. Alisimama tu pale, mkono mezani, moyo ukimdunda kama mwizi. Kupitia dirisha la jikoni aliiona taa ya kisanduku ikigeuka nyekundu. Na simu ikaita.

Basi ikawa hivyo. Si kila siku, kwa maana hakutaka kumchosha mtoto. Lakini zile siku ambazo ukimya wa nyumba ulimwelemea, alikwenda uani, mota ikalia, na Uzair akapiga. Nazneen alijifunza kuiacha izunguke huku simu iko sikioni, mlango wa karakana umefungwa, akiongea kutoka barazani, kwa maana picha zikirudi mapema Uzair alisema, "Ah, zimerudi, nakuona sasa," na mazungumzo yakaisha. Zisiporudi, Uzair aliendelea kuongea ili apitishe wakati. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya Nazneen, na alijua ni furaha ya wizi. Nakhungu, akiwa jikoni, alisikia mlio ule, lakini alidhani Mama Uzair anapoza moyo kwa vitu vya marehemu, akamwacha.

Ila Uzair hakuwa mtu wa kuvumilia kitu kibovu. Alilalamika kwa kampuni, na kampuni ikamtuma Odongo. Odongo alikagua soketi zote, akabadilisha visanduku, akaenda. Baada ya siku chache akarudishwa. Akabadilisha mashine ya intaneti. Akarudishwa tena.

Nazneen alimpikia chai ya maziwa na iliki, akamwekea mandazi. Odongo alikula taratibu, akamweleza habari za kwao Luanda Kotieno, ambako mama yake bado anaanika omena, dagaa wa ziwani, na kukaa ufukweni kutazama feri ya Mbita ikija.

"Humpigii simu?" Nazneen akauliza.

"Napiga, Mama. Lakini yeye simu anaweka ndani ya debe la unga, hasikii." Akacheka, kisha uso ukamwingia wingu. "Mama, nikwambie ukweli. Huko ofisini wameanza kuniangalia vibaya. Wanasema mimi ndiye nilifanya kazi mbaya kwa hii nyumba. Nisipopata shida iko wapi, sijui."

Nazneen aliinamisha kichwa, akajifanya anapanga vikombe. Maneno yalimfika ulimini, yakarudi.

Safari iliyofuata Odongo alikuja na chombo kidogo chenye kioo, akakichomeka kwenye soketi ya korido, akakiacha hapo kwa siku kadhaa. Alipokuja kukichukua, alikitazama kwa muda mrefu akiwa amechuchumaa.

"Mama, hii si kuharibika," alisema. "Hivi visanduku vinaongea kupitia kwa waya za stima. Ni kama watu wawili wananong'onezana. Sasa kuna kitu kinakuja kwa waya hiyo hiyo kinapiga makelele, hawasikizani tena. Angalia. Kimya, kimya, kimya, halafu makelele ghafla. Halafu ghafla kimya. Na ni mchana peke yake. Kitu kikiharibika chenyewe hakifanyi hivi. Kuna mtu anawasha, na anazima."

"Mtu?"

"Mtu. Na hiyo ndiyo inaniogopesha. Mwizi akijua hii njia, hana haja ya kukata waya. Anachomeka kitu chake kwa soketi yoyote, hata ile ya nje pale getini, na nyumba yote inakuwa kipofu. Kengele pia. Sisi ofisini tunafikiria ni mtandao mbaya tu. Pengine kuna mtu anajaribu kwanza, aone tutachukua muda gani kuja." Akasimama. "Huko nyuma kuna nini? Ile nyumba ya mabati?"

"Karakana ya marehemu," Nazneen akasema, na sauti yake ikatoka laini kuliko alivyotarajia. "Imefungwa tangu afariki. Stima ilikatwa huko."

Odongo alitazama mlango ule wenye kufuli, akamtazama mjane. Alikuwa mtu wa adabu. Hakuomba ufunguo.

"Na ni nani mwingine anaingia hapa kila siku?"

"Nakhungu," alisema. Ulikuwa ukweli, na ulimtoka mdomoni kabla hajajua utakwenda wapi.

Ulikwenda Birmingham. Odongo aliandika alichokiona, kampuni ikamtumia Uzair, na Uzair akapiga simu asubuhi iliyofuata bila kungoja picha zikatike.

"Ni Nakhungu, Ammi."

"Uzair! Nakhungu hawezi kufanya kitu kama hicho. Hata hajui—"

"Si lazima ajue. Mtu anampa kitu, anamwambia achomeke. Nani mwingine ana ufunguo? Nani anajua unalala saa ngapi? Ammi, watu hubadilika. Umeniachia mimi niwe na wasiwasi huku mbali, basi niachie pia niamue. Weka simu kwa sauti. Nipe nafasi nizungumze naye."

Hapo ndipo Nazneen angesema. Alikuwa na wakati wa kutosha: kutoka sebuleni mpaka jikoni ni mwendo, na aliutembea polepole, simu mkononi. Lakini alifikiria jinsi sauti ya mwanawe itakavyobadilika akijua kwamba mama yake, mwanamke mzima mwenye mvi, amekuwa akijificha kwenye kibanda na kuwasha mota ili apigiwe simu. Akaiweka simu juu ya meza ya jikoni, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji.

Nakhungu alikuwa anakata sukumawiki. Alimsikiliza Uzair mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha hakuiangalia simu. Aliinua uso akaitazama kamera iliyokuwa juu ya kabati, kwa kuwa alijua huko ndiko Uzair alikokuwa.

"Uzair," alisema. "Unaniona?"

"Nakuona."

"Mimi nilikuogesha kwa hii sinki. Ulipougua surua nililala chini, kando ya kitanda chako. Hakuna waya nimegusa, na hakuna mtu amenipa kitu. Lakini kama umeamua, umeamua."

Uzair akasema kwa sauti ndogo kwamba atahakikisha anapata haki yake yote, na kwamba ni kwa usalama wa Ammi tu. Nakhungu alimgeukia Nazneen, akamtazama akingoja. Nazneen alitazama sakafu. Basi Nakhungu akaosha kisu, akakipangusa, akakirudisha mahali pake. Akafungua pini kifuani mwake, akatoa ufunguo, akauweka kando ya ubao wa kukatia mboga. Akajifunga leso.

"Mama Uzair, nimeenda," akasema.

Mboga zilibaki juu ya ubao mpaka zikanyauka.

Siku zilizofuata Nazneen alijua kwamba upweke aliokuwa akiulalamikia ulikuwa ni mchezo. Hakukuwa na mlango wa nyuma kufunguliwa asubuhi, wala mtu wa kugonga sufuria. Alikula mkate mkavu mbele ya kamera, na ujumbe ukaja: "Kula vizuri, Ammi. Natafuta mtu mwingine wa kukusaidia." Usiku aliota macho ya Nakhungu.

Kisha akapata wazo, akaliona ni zuri. Kama picha zingekatika tena na Nakhungu hayupo, si ingekuwa wazi kwamba hana hatia? Uzair angemwomba radhi, Nakhungu angerudi, na hakuna ambaye angehitaji kujua lolote. Akaenda karakana mchana kweupe, akabonyeza swichi, akaiacha mota ilie mpaka chumba kikajaa harufu ya kuungua.

Simu iliita sebuleni, akaingia kuipokea. Lakini haikuwa sauti aliyoitarajia.

"Ammi, sikiliza. Wamerudi. Nakhungu amewaonyesha njia, sasa wanafanya hata bila yeye. Pengine kwa hasira. Nimeongea na kampuni, walinzi wako njiani. Nataka niripoti polisi, nitoe jina lake. Na nimezungumza na makao fulani ya wazee Nairobi, pazuri sana, bustani, wauguzi. Utakaa huko mpaka tuuze nyumba. Ammi? Unanisikia?"

Nazneen aliushika ukingo wa meza. Kupitia dirisha la sebuleni aliona gari la walinzi likisimama getini, na vijana wenye rungu wakiruka. Akawaza Nakhungu akitolewa chumbani kwake Nyalenda mbele ya wajukuu.

"Nitakupigia," akasema, akakata.

Alikwenda getini akawaambia walinzi kwamba ni kosa lake, hakuna wezi, waende salama. Walitazamana, wakaondoka shingo upande. Akaingia karakana, akazima mota. Halafu akasimama uani juani, mahali ambapo hakuna kamera iliyofika, akatafuta jina la mwanawe kwenye simu, akabonyeza. Miaka yote aliyokuwa ng'ambo, Uzair ndiye aliyepiga na yeye ndiye aliyengoja; alishikilia kwamba mama hamsumbui mtoto kazini.

"Ni mimi," akasema. "Si Nakhungu, si mwizi. Ni mimi, Uzair. Ni ile mota ya kusukia ya baba yako. Nikiiwasha inavuruga waya. Nilikuwa naiwasha kwa makusudi."

"Sielewi. Kwa nini?"

"Picha zikipotea, ulikuwa unapiga simu."

Upande wa pili palikuwa na sauti za ofisi, mtu akicheka mbali, mlango. Kisha Uzair akasema polepole, "Kwa nini hukunipigia tu, Ammi?"

"Ningepiga niseme nini? Ungeniambia unaniona."

"Nilikuwa nakuona. Kila siku nilikuwa nakuona."

"Ndiyo," Nazneen akasema. "Ulikuwa unaniona."

Uzair alisema ana mkutano, akakata simu. Hakupiga siku hiyo. Hakupiga siku iliyofuata. Alipopiga, sauti yake ilikuwa ya heshima na baridi, kama ya mtu anayezungumza na benki. Alisema amempigia Nakhungu mara nyingi na Nakhungu hapokei. Akauliza kuhusu kamera anataka nini. Nazneen akasema anataka zitolewe, ibaki kengele tu. Uzair akasema sawa. Kisha akasema, na hapo sauti ilimvunjika kidogo, "Nilimwambia maneno yale na alikuwa ananitazama, Ammi."

"Nilikuwa nimesimama hapohapo," Nazneen akamjibu.

Odongo ndiye aliyekuja kuzing'oa. Nazneen alimfungulia karakana mwenyewe, akamwonyesha mota. Fundi aliinama akaichungulia, akazungusha mhimili kwa kidole, akanusa.

"Hii tu," alisema. Hakukasirika kwa sauti. "Mama, ulinificha. Ningeomba ufunguo siku ile, huyo mama hangefukuzwa. Niliona haya kukuomba."

"Kosa si lako. Nimewaandikia ofisini kwenu, nimewaeleza."

"Wameniambia. Ero kamano, Mama, asante." Akafunga kisanduku cha zana. Kengele aliivutia waya wake yenyewe, akatoboa ukuta safari hii, vumbi jeupe likamjaa kichwani. Chai aliikataa kwa upole, akisema ana nyumba nyingine ya kwenda Awasi kabla ya mvua.

Ijumaa Nazneen alikodi tuktuk mpaka Nyalenda. Hakuwa amewahi kufika kwa Nakhungu, katika miaka yote hiyo. Aliuliza, akaonyeshwa mlango wa buluu uliofungwa. Jirani aliyekuwa anafua nje akamwambia Nakhungu amepata kazi kwa wauza samaki, ufukweni Dunga, anarudi jioni.

Alikwenda Dunga. Mitumbwi ilikuwa imeingia, wanawake wamezunguka mabeseni wakipiga bei, moshi wa mafuta ukitoka kwenye vibanda vya kukaangia. Nakhungu alikuwa amekaa kwenye kigoda na aproni ya plastiki, anaparua magamba ya ngege kwa kasi, akibishana kwa kicheko na mwenzake. Alipomwona Nazneen kicheko kilikatika, lakini kisu hakikusimama.

"Mama Uzair. Karibu."

"Nakhungu, nimekuja kukuambia kwamba ni mimi. Ile mota ya mzee, ndiyo ilikuwa inakata picha. Nilikuwa naiwasha ili Uzair anipigie simu. Na wewe ulipofukuzwa nilijua, nikanyamaza."

Nakhungu aliparua samaki mpaka akammaliza, akamtupa kwenye beseni la maji.

"Ile mashine nilikuwa naisikia," alisema. "Siku ile nikatoka kwenda nyumbani, njiani nikaunganisha. Nikasema, pengine ni hiyo. Nikasema, Mama Uzair atasema mwenyewe. Nikangoja." Akachukua samaki mwingine. "Nilikuangalia pale kwa friji. Uliniona nikikuangalia?"

"Nilikuona."

"Basi. Ni hilo tu nilitaka kujua."

"Rudi nyumbani. Uzair anataka kukuomba radhi. Mimi pia nakuomba."

"Radhi nimesikia," Nakhungu alisema. "Lakini kurudi, hapana. Hapa kuna makelele, mikono inanuka, mgongo unauma. Lakini watu wanaongea na mimi. Kule kwako tulikuwa tunakaa, Mama Uzair. Tunakaa tu. Hata wewe ulikuwa unangoja simu, mimi niko hapo kwa ngazi, mbele yako."

Mwenye kibanda akaita, watalii wamefika, wanataka samaki wa kukaanga na ugali. Nakhungu akainuka, akafuta mikono kwenye aproni.

"Umekula?" akauliza, akiwa ameshageuka kwenda.

"Bado."

"Kaa pale mwisho. Nitakuletea."

Akakaa kwenye benchi, mwisho kabisa, karibu na maji. Nakhungu alimletea ngege mzima, limau na pilipili kando kama anavyopenda, akaiweka sahani mezani, akamfukuzia nzi kwa mkono, akaenda kuwahudumia wengine. Kulikuwa na wateja wengi. Nazneen alikula polepole kwa vidole, akimtazama akipita na kurudi.

Simu ikaita ndani ya mkoba. Alikuwa Uzair.

"Ammi. Mbona kelele nyingi hivyo? Uko wapi?"

"Niko Dunga, nakula samaki."

"Na nani?"

Nazneen aliinua macho. Nakhungu alikuwa amempa mgongo, anamimina maji ya kunawa kwenye mikono ya mgeni, anamweleza jambo, na mgeni anacheka.

"Peke yangu," akasema. "Nakhungu yupo, lakini ana wateja."

Uzair akauliza samaki mwenyewe ni wa namna gani, na kama ana mifupa mingi, na Nazneen akaanza kumweleza.